Nani Alimwambia Mkaguzi

Jumanne, mwezi wa nne. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba nyuma ya bweni. Mlima hauonekani kabisa. Wasichana wako madarasani, mimi nimejifungia ofisini. Mlango nimeutazama mara mbili kama umefungwa, ingawa leo sina tena cha kuficha.

Nimekuwa mtu wa kutazama milango.

Naandika kwa sababu nimemtendea mtu vibaya, na nataka jambo hili likae mahali kama lilivyotokea, kabla sijaanza kujisimulia kwa namna ya kunipendeza.

Bibi Hedvig, mmisionari aliyeiongoza shule hii ya wasichana tangu mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi wake, alikwenda kwao likizo ndefu mwishoni mwa mwaka jana. Aliniachia shule. Barua ya misheni ilisema ni "kwa muda, hadi itakapoamuliwa". Hakuna mwanamke wa huku Meru aliyewahi kukalia kiti hiki kabla yangu. Watu walikuja kunipongeza, wazee wa kanisa, mama wa wanafunzi, hata chifu alituma salamu. Wote walisema Bwana asifiwe. Wengi wao macho yalisema tutaona.

Neno lile "kwa muda" lilinikaa shingoni kama unywele ndani ya gauni. Ukijua unaangaliwa, hata kukohoa unakohoa kwa hesabu.

Na zama zetu zenyewe si za kuaminiana. Tangu serikali iwaondoe watu wetu kwenye ardhi yao kule Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu, kila mtu mlimani amejifunza kuuliza nani amesema nini, kwa nani, na kwa nini huyo alikuwa akitembea na yule. Tulikuwa tukisalimiana kwa kirefu. Siku hizi tunasalimiana kwa kirefu huku tukisikiliza.

Januari, juma lile shule ilipofunguliwa, nilipoteza mimba. Ilitokea hapa hapa, katika nyumba ya mwalimu mkuu. Ilikuwa ya miezi minne. Nilikuwa nikikaa na Mwalimu Aikande, mwalimu msaidizi, msichana kutoka upande wa Machame ambaye alikuja kwetu moja kwa moja kutoka chuoni. Yeye ndiye aliyenishika. Asubuhi alizifua shuka kwenye mfereji kabla wasichana hawajaamka, akaniletea uji, akaenda kufundisha darasa lake na darasa langu pia. Aliwaambia wasichana nina malaria. Sikumwomba aseme hivyo. Alijua mwenyewe.

Siku ya nne nilisimama mbele ya shule nzima nikaongoza wimbo wa asubuhi. Kama ningelala kitandani juma zima, habari ingefika misheni kwamba Mwafrika amepewa shule akaanza kwa kulala. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Bado sijui kama niliwaza vibaya.

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani, upande wa pili wa korongo, nikamwambia mume wangu. Loti ni karani katika ghala la kahawa la ushirika, na ni mzee wa kanisa ingawa hajafikia umri wa mvi. Alinisikiliza. Alinishika mkono. Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, akakaa huko muda mrefu. Mama mkwe, anayemlea mtoto wetu Elisa, tulimwambia ni malaria.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Niliamka kabla ya kengele na kulala baada ya wote. Lakini mwili una ukaidi wake. Siku moja, darasa la sita wakiwa wanafanya hesabu, niliweka kichwa mezani ili nifikiri kidogo, nikazinduka msichana mmoja akinigusa bega. Siku nyingine niliingia stoo ya mahindi kuangalia kama panya wametoboa magunia, nikajikuta nimeketi juu ya gunia nalia, sijui nalilia nini. Aikande alinikuta. Alifunga mlango, akasimama nje kama anahesabu madebe, hadi nilipotoka.

Mwishoni mwa Februari alikuja Mkaguzi wa shule za wasichana. Ni mama wa Kiingereza, mrefu, Kiswahili chake cha vitabuni, kisicho na kosa na kisicho na chumvi. Alikagua madaftari, jiko, vyoo, bustani ya mboga. Alisifu sana ushonaji. Kisha tukaketi ofisini humu, akavua miwani, akaniuliza kama nalala vizuri.

Nilijibu kwamba nalala vizuri.

Akauliza kama nimepata nafasi ya kupumzika tangu Januari. Akasema amesikia nilikuwa mgonjwa, ugonjwa wa kina mama, nikarudi kazini mapema mno. Akauliza kama ni kweli kwamba wakati mwingine usingizi hunichukua darasani, na kwamba wakati mwingine ninalia peke yangu. Aliuliza taratibu, kama mtu anayegusa kidonda cha mtoto. Ndiyo maana niliogopa zaidi. Mzungu akikufokea, unajua umesimama wapi. Akikuuliza kama unaifurahia kazi yako, utajibu nini? Ukisema ndiyo, unadanganya na anajua. Ukisema hapana, umeandika barua yako ya kuondoka kwa mkono wako mwenyewe.

Nilisema naifurahia sana. Aliandika kitu. Hadi leo sijui aliandika nini.

Gari lake halijapita kona nilikuwa nimekwisha kupata jibu la nani aliyemwambia. Januari ilijulikana na Aikande. Usingizi wa darasa la sita ulijulikana na Aikande. Stoo ya mahindi ilijulikana na Aikande. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikaanza kukagua nguo za mwenzangu.

Nilimchunguza kwa wiki sita.

Sitajificha hapa. Nilisoma bahasha alizopeleka kwenye lori la kahawa linalobeba barua zetu mjini, nikaona moja yenye anwani ya mjini Arusha ambayo sikuifahamu, nikakosa usingizi siku mbili. Nilichukua karatasi yake ya kukaushia wino nikaiweka mbele ya kioo cha kuchania nywele ili maandishi yaliyogeuka yasomeke. Nilisoma "mama mpendwa" na "mbegu za maharage" na sehemu nyingine wino uliopandana juu ya wino. Hizo mbegu za maharage nazo nilizitilia shaka. Niliwaza labda ni neno la siri.

Alikuwa akiniita dada. Nikamwambia kwamba mbele ya wasichana na nyuma yao aniite Mwalimu Mkuu. Nilimnyang'anya ufunguo wa ofisi nikasema ni agizo la misheni. Kisha nikamhamishia kwenye kile chumba kidogo kando ya bweni, penye unyevu, nikasema wasichana wanahitaji mtu wa karibu. Alibeba godoro lake mwenyewe. Hakuuliza.

Kutokuuliza kwake nako nilikuhesabu kuwa ushahidi. Asiye na hatia angeuliza, si ndivyo?

Chakula alichoniletea nilikirudisha. Akija nilipo, nilinyamaza. Akicheka na wasichana bustanini, nilisikia ananicheka mimi. Na katika muda huo wote, jambo la ajabu, nilikuwa na nguvu kuliko Januari. Kumshuku mwenzako kunakupa kazi. Unaamka una shabaha. Niliacha kulia. Nadhani nilidhani nimepona.

Alhamisi iliyopita nilimwandikia Mkuu wa misheni mjini. Niliomba Mwalimu Aikande ahamishwe, kwa sababu amekosa uaminifu na anapeleka habari za ndani ya shule nje. Maneno hayo niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote. Nikampa dereva wa lori mkononi.

Jumapili nikaenda kanisani na familia yangu. Ibada ilikwisha, Mchungaji akasimama mlangoni akitushika mikono kama kawaida yake. Wangu aliushika kwa muda mrefu kuliko ya wengine. Ni mtu mwema, mzee, sauti yake ni ya kunong'ona hata akihubiri. Alisema nisikate tamaa. Kisha akatabasamu.

"Tunaomba kengele yako isipasuke, mwalimu," alisema. "Lakini asubuhi moja ya kulala, hiyo tumekuombea."

Nilicheka kwa adabu. Nilipiga hatua nne hivi kwenye majani yaliyolowa kabla miguu haijasimama yenyewe.

Maneno yale ni yangu. Niliyasema Jumamosi moja mwezi wa pili, jikoni kwetu, nikimenya ndizi, Loti ameketi kwenye kigoda karibu na moto. Nilisema natamani kengele ya shule ipasuke ili nipate asubuhi moja tu ya kulala. Shuleni sijapata kuyatamka, wala kwa Aikande wala kwa mtu yeyote.

Mtu akihesabu wanaomchunguza, mume hamhesabu. Jikoni kwake anadhani ni ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Tulipofika nyumbani nilisubiri mama mkwe amtoe Elisa nje kwenda kuona ndama. Loti alikuwa anakunywa chai. Nilimwuliza Mchungaji alijuaje habari za kengele. Hakujaribu kukana. Alisema kila Alhamisi katika kikao cha wazee kila mmoja hutaja mzigo wa nyumba yake, na wengine humwombea. Yeye alinitaja mimi. Alinitaja Januari, akanitaja tena niliposinzia darasani, akanitaja nilipolia stoo, kwa maana Jumamosi zote hizo mimi mwenyewe ndiye niliyekuja nikamweleza. Mchungaji alimpelekea habari Mkuu wa misheni, kwa nia ya kunisaidia. Mkuu wa misheni alimwambia Mkaguzi. Sala ya kuniombea ilipanda mpaka mjini kwa ngazi tatu, na kila ngazi ilikuwa ya watu wema.

Nilimwuliza kama ya Januari aliwaambia yote.

Alitazama ndani ya kikombe. "Yule alikuwa mtoto wangu pia, Mama Elisa," alisema. "Ulinionyesha pa kumlilia?"

Kweli sikumwonyesha. Nilimpa habari kama mtu anayetoa ripoti, nikamwambia asimwambie mama yake, kesho yake nikarudi shuleni. Alibaki nayo na ng'ombe.

Lakini shaka ikiisha kujifunza njia ya nyumba haiachi kuja. Nilimtazama nikamwuliza swali la pili, kama angefurahi wakiniondoa shuleni.

Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati.

"Ningefurahi urudi nyumbani," alisema. "Siwezi kukudanganya. Lakini sikuomba wakuondoe."

Naamini yote mawili. Hapo ndipo ninaposhindwa. Aliomba nipate nguvu, na mahali fulani ndani yake alitumaini nguvu ziishe. Mtu anaweza kupiga magoti akiwa na nia mbili. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara ngapi?

Kisha nikamweleza habari ya Aikande na barua ya Alhamisi. Aliweka kikombe chini. Aliuliza kama ni yule msichana aliyenipikia uji. Nilisema ndiye.

Jioni ya Jumapili nilirudi shuleni nikamkuta Aikande akiwasomea wasichana wadogo. Aliinuka kwa heshima nilipoingia. Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia. Nitaandika sababu ya kweli: nilitumaini kwamba nikiamka mapema nitaifikia ile barua kabla haijasomwa, na Aikande hatajua kamwe. Nilitaka kutubu bila mtu kujua kosa.

Jana Jumatatu nilishuka kwa miguu hadi Tengeru, viatu mkononi kwa ajili ya utelezi, nikapata lori la mboga lililonibeba mbele kwa heshima ya ualimu. Mjini nilinawa miguu kwenye bomba, nikavaa viatu, nikaingia ofisi ya misheni. Mkuu alinipokea mara moja. Barua yangu ilikuwa mezani kwake, imefunguliwa.

Nilimwambia nimekuja kuifuta. Nilisema Mwalimu Aikande hana kosa, kosa ni langu.

Aliniuliza aamini lipi, barua ya Alhamisi au maneno ya leo. Ni swali la haki. Nilisema aamini ya leo, kwa kuwa ile ya Alhamisi niliandika nikiwa naogopa. Akauliza niliogopa nini.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya Januari kwa kinywa changu mwenyewe, yeye mtu mzima, mwanamume, Mzungu, huku karani wake akipiga chapa chumba cha pili. Nilisema nilipoteza mtoto na sikupumzika, kwa sababu nilijua napimwa. Nilisema sijui tena kama naipenda kazi hii au naogopa tu kuipoteza. Nilisema nimechoka. Sijawahi kulisema neno hilo kwa mkubwa wangu yeyote. Lilitoka dogo sana, nikashangaa nililibeba la nini muda wote huo.

Aliangalia dirishani. Nadhani aliona haya kwa niaba yetu sote wawili. Kisha akasema nipumzike wiki mbili, nyumbani, bila madaftari, na akauliza nani atashika shule.

Nilisema Mwalimu Aikande.

Alikubali haraka. Haraka mno, nikawaza, na hapo hapo nikamwona ameanza kuandika. Je, ni wiki mbili za kupumzika au ni mlango unaofungwa kwa upole? Kuhusu kuthibitishwa kwangu alisema tutazungumza Mkaguzi atakaporudi. Nilipouliza atarudi lini, alisema baada ya mvua. Mvua nazo zinajua zitakwisha lini?

Nilikuwa nimesimama kuaga aliposema jambo la mwisho. Alisema kwamba kwa kuwa shutuma ilikuwa nzito, alikwisha kumwandikia Mwalimu Aikande ajieleze. Barua ilikwenda na lori la asubuhi.

Barua ilikuwa imenitangulia. Tulipishana njiani, mimi nikishuka, yenyewe ikipanda.

Sikumbuki vizuri safari ya kurudi. Nakumbuka nilipanda ule mwinuko wa mwisho nikikimbia, mwalimu mkuu mzima, nguo imelowa, wanawake waliotoka sokoni wakinipisha na kuuliza kuna msiba gani.

Nilimkuta bustanini na wasichana wa darasa la saba wakipandikiza sukuma wiki. Barua ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, pembe ya bahasha ikionekana. Aliwaambia wasichana wamalizie mstari ule, akanawa mikono kwenye mfereji, akaja. Tulisimama chini ya paa la jiko.

Nilimweleza yote kwa mpangilio. Mkaguzi, maswali yake, bahasha nilizozisoma, karatasi ya wino na kioo, chumba chenye unyevu, kengele, Loti, wazee wa kanisa. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza bila kubadilisha uso, kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma kwa shida. Aliuliza jambo moja tu, nilianza lini. Nilipomwambia ni wiki sita alitikisa kichwa taratibu, nikaona anarudi nyuma siku kwa siku, akiliweka kila tendo langu mahali pake.

"Sikumwandikia mtu," alisema. "Lakini kuna siku nilitafuta karatasi niandike. Uliponyamaza kabisa, uliporudisha chakula, niliogopa utakufa. Sasa nafikiri ningeandika tu. Adhabu ni ile ile."

Alisema hivyo bila ukali. Nilitamani awe na ukali.

Nikamwambia habari ya wiki mbili na kwamba yeye ndiye atakayeshika shule. Hapo alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Aliuliza kama nimesema hivyo mjini kwa sababu namwamini au kwa sababu namwonea haya. Nilijibu kwamba sijui bado. Ni jibu baya, lakini ni la kweli, na nadhani kweli ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa.

"Nitaishika," alisema. "Kwa ajili ya wasichana hawa. Nyumbani kwako sitarudi kulala."

Nilisema sawa. Nikasema kabla sijaondoka nitaagiza chumba chake kipigwe chokaa na kuwekwa sakafu ya mbao. Alisema hilo ni jambo jema, kwa kuwa atakayekaa baada yake naye atakuwa na mapafu. Kisha akarudi bustanini. Nilimsikia akimwambia msichana mmoja kwamba mche ule ameupanda juu sana.

Huo ndio mwisho wa yaliyotokea. Leo asubuhi tumekabidhiana shule mbele ya wasichana wote. Nilisema nakwenda kupumzika kwa kuwa nilikuwa mgonjwa. Sikusema malaria. Wasichana wakubwa walitazamana. Wana mama, wanajua. Mmoja wa darasa la sita, yule aliyenigusa bega siku ile, alisema pole mwalimu kabla ya wengine kupata la kusema, na shule nzima ikafuata, pole mwalimu, kama mvua inayotoka mbali ikikaribia.

Ofisi hii nitamwachia mchana huu. Najua ninachofanya. Namwachia mtu mwenye sababu zote za kunichukia kiti ambacho niko tayari kukipigania. Ndani yangu kuna sauti inayosema Mkaguzi atakuja ghafla, atamkuta Aikande, msichana asiye na mume wala mtoto wa kumchosha, shule imetulia, wataandikiana, na mimi nitapata barua ya shukrani. Sauti hiyo si ya kipumbavu. Imewahi kuwa sahihi kwa watu wengine. Lakini wiki sita niliifuata kama taa, nikatumbukia shimoni na kumvuta mtu asiye na kosa.

Na ile bahasha ya mjini, yenye anwani nisiyoifahamu? Sikumwuliza. Bado naitamani ile habari, ona nilivyo. Lakini haki ya kuuliza niliipoteza mbele ya kioo.

Najiuliza Bibi Hedvig alikuwa akimwambia nani alipochoka. Miaka yote ile sikumwona hata mara moja akiketi kabla ya saa yake. Tulidhani Wazungu hawachoki. Labda naye alikuwa na stoo yake, na mtu wa kusimama nje akihesabu madebe. Labda hakuwa na mtu kabisa, ndiyo maana aliniachia shule na funguo na vitabu, lakini hakuniachia neno hata moja kuhusu jinsi mtu anavyoibeba.

Alhamisi nitakuwa nyumbani. Wazee watakaa kikao, na kila mmoja atataja mzigo wa nyumba yake. Loti atanitaja, sitamkataza, ana haki ya kulia, na sala sizikatai. Ila jina langu likitajwa nataka niwe naisikia sauti inayolitaja. Watasema mwanamke hajawahi kuketi katika kikao kile.

Nitakaa mlangoni, basi. Mlangoni nako kunasikika.